Ruhusa za Mwenyekiti

Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti wa klabu alikuwapo, tena walipita wengi, na kila mmoja tulimwita kwa jina lake. Lakini ukisema "Mwenyekiti" peke yake, kuanzia Mkunazini mpaka Chukwani ninakokaa mimi, mpenzi yeyote wa timu yetu alijua unamkusudia yule mzee wa kamati ya nidhamu. Kamati ilikuwa na wajumbe, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa sababu ya ufadhili wangu. Tulikuwa tunakaa kwenye baraza ya nyumba yake baada ya sala ya alasiri, tunakunywa kahawa, tunabishana mpaka mishipa inatutoka shingoni, kisha yeye anaamua.

Mimi sioni haya kujisifu. Nimeishia darasa la nne. Nimebeba mizigo Darajani kwa kichwa hiki hiki unachokiona, na leo ukijenga nyumba Unguja hii, basi ama saruji yangu imo, ama mabati yangu yamo, ama hata msumari wangu mmoja umo. Mainjinia huniamkia. Watu huniita Tajiri, nami naitika. Mtu kama mimi hana wengi wa kuwaogopa, lakini Mwenyekiti alikuwa akiniita "kijana" mbele ya watu, na mvi hizi, nami nasema naam.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kufundisha watu gari. Nusu ya madereva wa mji huu amewafundisha yeye, nami nimo. Alikuwa hakufundishi kwenda. Siku zote za mwanzo alikuwa akikufundisha kusimama tu.

"Kwenda kila mtu anajua," alikuwa akisema. "Hata jiwe ukilisukuma linakwenda. Nionyeshe kusimama."

Alinifelisha, bwana, kwa sababu nilisimama mbele ya mstari badala ya nyuma yake. Nikamwambia mstari wenyewe umefutika. Akasema, "Ndiyo maana nataka kujua kama unaukumbuka." Mpaka uzeeni, nikimpakia ndani ya gari langu, na gari zangu si za mchezo, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga zulia kila tukikaribia njia panda. Nikiuona ule mguu tu napunguza mwendo, bila ya kutaka.

Alikuwa mfupi, kanzu yake fupi kuliko za watu, na sauti yake ndogo mno. Hakuwahi kuipandisha. Ukitaka kumsikia ilibidi unyamaze, na nadhani alijua hivyo. Simu aliishika mbali na sikio, kama mtu aliyeshika samaki anayenuka, akizungumza nayo kwa mashaka.

Wachezaji wapya waliposaini mkataba walipelekwa kwake kumwamkia. Hawa si watoto wa mtaani wanaocheza kwa mapenzi. Ni wachezaji wa kulipwa, wengine wametoka Tabora, wengine Kongo, wengine hapa hapa Jang'ombe. Yeye aliwaambia maneno yale yale, mwaka baada ya mwaka.

"Uwanjani yupo refa. Akikupa kadi, hiyo ni yako na yeye, mimi simo. Ukishavua viatu, refa wako ni mimi."

Lakini mpira wenyewe hakuutazama. Hili watu hawakuliamini. Siku ya mechi alikwenda mpaka nje ya uwanja, akakaa na muuza kahawa, akasikiliza kelele. Tukifunga alijua kwa kelele, tukifungwa alijua kwa kimya. Siku moja nikamwuliza mbona haingii, na mimi namwekea kiti cha mbele kabisa, kivulini.

"Nikiwaona wanavyocheza nitawapenda," akasema.

Sasa neno lake. Mwenyekiti hakusema mchezaji kafungiwa. "Wanaofungwa ni mbuzi," alisema. Wala hakusema kasimamishwa. Akishaamua alimtizama mtu usoni, akamwambia, "Una ruhusa." Kwa sisi wa hapa ilikuwa wazi. Mtoto akirudishwa nyumbani kutoka skuli kapewa ruhusa, mfanyakazi akiambiwa asije kazini kapewa ruhusa. Una ruhusa, maana yake kaa kwenu.

Basi akaja kipa mmoja kutoka bara. Huyu alimtukana mama mwenye nyumba aliyopanga, mwanamke mtu mzima, mbele ya wajukuu zake. Akaitwa barazani, akasikilizwa, Mwenyekiti akamwambia, "Una ruhusa." Kipa akapiga magoti, akaishika ile mikono midogo, akasema, "Ahsante sana mzee, Mungu akuzidishie." Sisi tukatizamana, tukasema huyu kijana ana adabu, anashukuru hata kwa adhabu. Siku ya mechi tunamwona huyo langoni, glavu mkononi. Kocha naye alikuwa mtu wa bara. Kipa kamwambia, "Mzee wa nidhamu kanipa ruhusa," kocha akaona mambo yamekwisha, akampanga. Tena alidaka siku hiyo kama mtu aliyesamehewa.

Nikatoka mbio kumwambia Mwenyekiti pale kwa muuza kahawa. Nilidhani atawaka. Alicheka mpaka akavua kofia akajifutia macho.

"Mwambieni ruhusa yake inaanza leo," akasema.

Na ruhusa zake hazikuwa na idadi ya mechi. Hapo ndipo alipotofautiana na kamati zote za nidhamu ninazozijua. Ruhusa iliisha siku yule uliyemkosea alipokuja barazani kwa miguu yake, akasema kwa mdomo wake, "Nimemwia radhi." Si kwa simu, si kwa kutumwa mjomba, si kwa sheikh kuja kusema kwa niaba. Na ilikuwa lazima neno liwe lile lile. Mtu akija akasema "yamekwisha," Mwenyekiti alimwuliza, "Yamekwisha, au umemwia radhi?" Akisema "mimi sina neno naye," alimwambia, "Kalitafute ulilete."

Tulikuwa na beki wa kulia, jitu la miraba minne. Huyu alimpiga kofi muuza mishikaki pale Forodhani kwa kuwa alimhudumia mzungu kabla yake. Akapewa ruhusa. Akamwendea muuza mishikaki, akakataliwa. Akaenda tena, akakataliwa. Basi akachukua kipepeo, kila magharibi yuko pale anapepea makaa, haambiwi wala halipwi, watu wanapiga picha. Mwisho yule muuza mishikaki akaja barazani anahema.

"Mzee, nimemwia radhi. Nimemwia, nimemwia. Mchukueni. Wateja wanakuja kumtizama yeye, hawanunui."

Mwenyekiti akamwuliza kwa upole, "Kwa moyo au kwa biashara?"

"Vyote viwili."

"Basi acheze."

Kuna waliosema mzee huyu ni mkali. Kuna waliosema, tena msikitini, kwamba ni mlegevu. Kiungo wetu alipigwa picha kalewa huko Nungwi, picha ikazunguka kwenye simu za mji mzima. Kamati ikachemka. Mjumbe mmoja alikuja kavaa joho kabisa.

"Alimpiga mtu?" Mwenyekiti akauliza.

"Hakumpiga, lakini..."

"Alimtukana mtu?"

"Mwenyekiti, pombe!"

"Pombe ni haramu. Mola wake kashajua, hakungoja kikao chetu. Nionyesheni aliyedhulumiwa nimsikilize."

Hapana aliyepatikana. Akasema, "Basi kunyweni kahawa, inapoa." Yule mwenye joho alikaa muda mrefu hamwamkii.

Na mtu huyu huyu alikuwa akiiba kwenye mchezo wa dhumna. Naapa. Alificha kete ndani ya mkono wa kanzu, na ukimkamata alikwambia, "Ndo mchezo." Alipenda umbeya pia, lakini yeye hakuufuata, aliletewa mlangoni. Mkewe, Bibi, alikuwa haikosi harusi wala hitima, na akirudi alivua baibui huku anasimulia. Sisi tulikuwa tukisema kamati ya kweli ni Bibi, sisi wengine ni wanywa kahawa. Na wale waliopewa ruhusa, kila Ijumaa walialikwa kwake kula biriani. Waliketi kwenye jamvi moja naye, akawamegea nyama kwa mkono wake, wala hakuwauliza habari ya kosa. Beki yule aliniambia, "Tajiri, bora angenipiga."

Nakuja sasa kwa mtoto wangu.

Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi. Kila alichokuwa nacho, kuanzia viatu vya kwanza vya mpira, kilitoka kwangu. Alikuwa mshambuliaji wa timu yetu, na ule mguu wa kushoto ukiuona unacheka peke yako. Nilimwoza msichana wa Makunduchi, mwalimu wa chekechea, mtulivu. Harusi nilifanya mimi, na watu wanaikumbuka.

Siku moja tulimpeleka yule msichana hospitali kwa gari langu, sikio linamtoka damu. Alisema ameteleza chooni. Daktari akasema sikio la kushoto halitasikia tena. Nikalipa, nikawarudisha kwao. Sikuuliza kitu, wala naye hakusema.

Baadaye Bibi akakaa karibu naye kwenye harusi moja. Akamwita kutoka kushoto, hakugeuka. Akamwita tena, hakugeuka. Akamtizama vizuri chini ya shungi. Usiku wake Mwenyekiti akapewa habari, na kesho yake mtoto wangu akaitwa barazani.

Wakati huo klabu kubwa ya bara ilikuwa imeshatuma habari. Watu wao wanakuja kumwona kwenye mechi inayofuata, na wakiridhika wanaondoka naye. Mji mzima ulijua. Mimi ndiye niliyeuambia.

"Mkeo ana nini sikioni?" Mwenyekiti akamwuliza.

"Aliteleza chooni."

"Choo gani kina vidole?"

Nikaingia mimi.

"Mwenyekiti, haya ni mambo ya ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ya nyumba yao."

"Mbona sikio liko nje? Bibi kaliona harusini."

"Kofi moja tu," mtoto akasema. "Alinijibu. Nilimtia kofi moja."

Mwenyekiti alimtizama usoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga sakafu, kisigino juu.

"Una ruhusa."

"Mzee," nikasema, "wiki ijayo wanakuja watu wa bara kwa ajili yake."

"Wamekata tiketi za boti?"

"Wameshakata."

"Basi watakula urojo, watarudi kwao."

Nilisema mengi siku ile. Nilimwambia klabu inakula kwa mkono wangu. Nilimwambia kijana ni yatima. Alinisikiliza kwa adabu yote, akanijazia kikombe.

Mtoto akatoka pale na hasira zake, akafika kwake, akamkuta mkewe anapepeta mchele. Haya nimesimuliwa na wote wawili, na hawakutofautiana. Akamwambia, "Mimi nshapewa ruhusa kwa ajili yako. Basi na weye una ruhusa!"

Yule msichana akaweka ungo chini. Akavaa baibui, akatoka, akapanda gari ya Makunduchi kwa mama yake.

Asiyekuwa wa hapa huenda asielewe. Sisi mwanamume hana haja ya kutaja talaka. Akimwambia mkewe nenda kwenu, au una ruhusa, na moyoni kakusudia kumwacha, basi kamwacha. Ndiyo maana wazee wetu waliwaasa wanaume wachunge ndimi zao ndani ya nyumba. Mtoto wangu alilitoa neno la Mwenyekiti barazani, akalipeleka jikoni kwake, likageuka jengine. Msichana aliliokota kama mtu aliyeliona limeanguka njiani. Kwake yeye alikuwa ameachwa, na mama yake akamtandikia kitanda.

Lakini mtoto akakana. Tukaenda kwa kadhi. Kadhi akamwuliza, "Uliposema, ulikusudia nini?"

"Nilikusudia anyamaze."

"Hukukusudia kumwacha?"

"Hasira tu, sheikh."

Kadhi akasema kama hakukusudia, basi hakuna talaka. Yule msichana alikuwa amekaa na mama yake upande wa pili. Alisikia kwa sikio lililobaki kwamba bado ni mke wa mtu. Hakulia. Alikunja pembe ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena.

Mechi ilikuwa inakaribia. Mimi ni mtu wa kumaliza mambo, ndivyo nilivyofika nilipo. Nikaenda Makunduchi na mchele, sukari na vitenge. Nikamwambia msichana, "Mwanangu, Mwenyekiti anataka neno lako tu. Njoo ulitoe." Nilijitayarisha kubembeleza mpaka jua litue. Akasema, "Nitakuja." Hata chai sikuwa nimemaliza.

Akaja na mama yake. Kamati yote tulikuwapo, na mtoto wangu amekaa mwisho wa baraza. Msichana akasimama upande ambao sikio lake zima lilimwelekea Mwenyekiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umemwia radhi mumeo?"

"Sikumwia."

Nikainamisha kichwa. Nikajua yamekwisha. Kumbe hakuwa amemaliza.

"Lakini mpeni acheze," akasema.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Kwa nini, mwanangu?"

"Wamchukue aende bara. Akiwa bara, mimi nitalala."

"Na huko bara hakuna wanawake?"

"Wapo. Mimi wao siwajui. Mimi najua kwetu ni mlango mmoja, na mama yangu ndiye anayeufunga."

"Nikimwachia bila ya radhi," Mwenyekiti akasema, "nitakuwa nimewaambia vijana wote wa klabu hii kwamba sikio la mtu linabadilishwa kwa mpira."

"Sikio ni langu, babu. Si la klabu."

Sijawahi kumwona mtu akimjibu Mwenyekiti hivyo, tena kwa heshima ile, macho chini. Yule mzee alipepesa macho. Nilidhani atakubali. Miaka yote alituambia yeye husikiliza mdomo wa aliyedhulumiwa, na mdomo ulikuwa mbele yake unasema.

"Neno ninalolingoja ni moja," akasema. "Hukulisema. Bado ana ruhusa."

Mama yake msichana akamshika mkono. "Haya, mwanangu. Twende zetu."

Mechi ikachezwa. Watu wa bara wakatizama, wakaondoka na winga wetu wa kulia.

Mtoto wangu hakwenda kupepea makaa ya mtu. Aliitwa kwenye biriani, hakwenda. Mazoezini hakwenda. Alichofanya ni kuchukua pikipiki, akawa anakwenda Makunduchi. Alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara, anaitizama ile nyumba, anarudi. Niliambiwa, nikamsema, akaniambia, "Baba, yule ni mke wangu. Kadhi kasema." Siku moja hakuishia barabarani. Akabisha, hakufunguliwa. Akaupiga mlango teke kwa ule mguu wa kushoto, ambao watu walikuwa wakilipa kiingilio kuutazama. Mama mtu alikuwa nyuma ya mlango amekaza kitasa kwa mikono yake miwili. Mlango ukamwangukia. Nyonga ikavunjika.

Jela hapa kwetu inaitwa Chuo cha Mafunzo. Basi mtoto wangu yuko chuoni. Ukoo mzima ndiye wa kwanza kufika chuo, nimewahi kuwaambia watu hivyo, na hapana aliyecheka. Ndoa yao kadhi ameshaivunja.

Nilipopigiwa simu ile siku nilikuwa bandarini napokea mabati. Nikamaliza kupokea. Nikahakikisha hayajakunjika. Ndipo nikaenda kituoni. Watu wananiambia, "Tajiri, weye ulisema aachiwe acheze." Naam, nilisema. Yule msichana naye alisema. Tulitaka kitu kimoja, lakini si kwa sababu moja, na sasa hata nikilifikiria sipati kitu moyoni, si hasira wala majuto. Ni kama jino lililotiwa ganzi. Najua lipo, nikiligusa kwa ulimi silihisi.

Mwenyekiti aliendelea kuja kwenye kikao, lakini alikuwa hakati tena jambo. Akiletewa kesi alisema, "Mnaonaje nyie?" Na sisi hatukuwa tumezoea kuona. Tukaanza kutoa mechi mbili kwa huyu, tatu kwa yule, kama kamati nyengine zote. Dhumna aliicheza kwa haki. Alifungwa kila siku, kete zake zote ziko wazi mezani, na hapana aliyefurahi kumshinda.

Halafu asubuhi moja akaja kwangu Chukwani. Alikuwa na bakora, na macho yameshaanza kumpotea. Nilikuwa uani nawasimamia watu wanaopakia.

"Kijana," akasema, "una gari?"

Malori yangu yalikuwa yamejipanga nyuma yangu.

"Ninalo, Mwenyekiti."

"Nipeleke Makunduchi."

Tulipofika Kitogani aliniuliza, "Nyonga ya yule mama imeshika?" Nikamwambia imeshika, lakini anatembelea fimbo. Akasema, "Kama mimi."

Tulimkuta msichana kibarazani, amekaa mkekani anakata vikaratasi vya rangi vya watoto wake wa chekechea. Mama yake alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Mwenyekiti alikaribishwa akae, hakukaa. Alisogea mpaka karibu, akaegemea bakora, akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Mwanangu, uliniambia kwa mdomo wako, na mimi sikukusikiliza. Nimekuja kukuomba radhi."

Msichana aliendelea kukata karatasi. Mkasi ulikuwa unalia taratibu.

Nikaona kosa. Amesimama kushoto kwake. Mama mtu naye aliona. Hapana kati yetu aliyethubutu kusema, "Mwenyekiti, hakukusikia." Yeye macho yake hayakuwa yanaona uso wake vizuri, basi alisimama pale anangoja jibu, kichwa ameinamisha kidogo, kama walivyokuwa wakisimama wachezaji mbele yake.

Msichana akainua uso, akatuona sisi tulivyokaa. Akageuka akamkuta amesimama juu yake.

"Naam, babu?" akasema. "Ulisema nami?"

Nilimwona mzee amefahamu. Akaanza kuzunguka ule mkeka, bakora kwanza, mguu, bakora, mguu, akikwepa vikaratasi visikanyagwe. Nikainuka nimshike, akanizuia kwa mkono. Alipofika upande wa kulia alivua kofia, na sijawahi kumsikia maisha yangu akipandisha sauti ila siku ile. Alisema kwa nguvu, mpaka jirani aliyekuwa anafua akasita:

"Uliniambia kwa mdomo wako, nami sikukusikiliza! Nimekuja kukuomba radhi!"

Msichana akaweka mkasi chini.

"Nimekusikia, babu," akasema.

Mwenyekiti akangoja. Nami nikangoja. Wote tulijua neno linalofuata hapo, yeye kuliko sote.

"Karibuni chai," msichana akasema, akainuka akaingia ndani.

Tukanywa. Mama mtu akatuuliza habari za mjini, nikamwambia bei ya saruji. Jua lilipoanza kushuka tukaaga.

Njiani akaniuliza, "Kasema nini hasa?"

"Kasema amekusikia."

"Na baada ya hapo?"

"Akatukaribisha chai."

Alikaa na kofia yake mapajani. Tulipofika Tunguu akasema, "Kesho una kazi?"

"Nina kazi, Mwenyekiti."

"Kesho kutwa?"

Nikamwambia nitampeleka.

Nilimpeleka siku ile na siku nyengine nyingi, mpaka alipokuwa hawezi tena kupanda gari. Tulikuwa tunakaa kibarazani mwao, wakati mwengine yeye anamsaidia msichana kubandika karatasi kwa gundi. Chai tulipewa kila tulipokwenda. Msichana anatia mchaichai, tena hapunguzi sukari. Neno hakumpa.